Hataki, na Mimi Nimemsikia

Mwaka 1976, nikiwa na miaka kumi na mitatu, ndipo shida zangu zilipoanza. Mama alifariki mwezi wa kwanza, mvua zikiwa zimekolea, na baada ya arobaini nikachukuliwa kutoka Chilangala nikapelekwa Masasi kwa dada yake, Mama Mkubwa. Ya kabla ya hapo siyaandiki. Kila mtu ana mababu, na mababu wangu hawakunipa hata jembe. Naandika mwaka huo mmoja tu, kwa sababu mwezi uliopita nilikwenda Newala kumzika dada yangu Somoe, na tangu nimerudi nikikaa peke yangu maneno yananijia mdomoni. Nimesoma hadi darasa la pili, likaishia hapo. Herufi nyingine zote alinifundisha Somoe kwa kipande cha mkaa, kwenye ukuta wa jiko. Kwa hiyo hata hiki ninachoandika ni mkono wake.

Mama Mkubwa alikuwa mbanguaji. Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili na ua wa makuti, na katika ua ule hapakuwa na kazi nyingine ila korosho. Tulikata debe, tukalitoboa, tukaliweka juu ya mafiga, tukamwaga korosho zenye maganda. Zikipata moto zinatoa mafuta, mafuta yanawaka, na ule moshi ukikuingia machoni unalia kama uliyefiwa. Mimi nilikuwa nimefiwa kweli, ikanifaa: hakuna aliyeniuliza ninalia nini. Zikishaungua tunazimwaga mchangani, tunazisugua kwa majivu, kisha tunakaa kwenye vigoda na kugonga moja moja kwa jiwe, punje itoke nzima. Punje iliyovunjika tulikula wenyewe. Nzima zilifungwa kwenye karatasi, Mama Mkubwa akazibeba kwenye ungo kwenda kuwauzia wasafiri stendi. Mafuta ya ganda yanababua. Mpaka leo viganja vyangu havina mistari, na siku ya kuchukua kitambulisho yule kijana wa mashine alinifutisha vidole mara sita. Nikamwambia, andika tu kwamba huyu mama amefanya kazi.

Somoe alikuwa na miaka kumi na saba, mtoto wa pekee wa Mama Mkubwa, na kwa kuwa mama zetu walikuwa ndugu, kwetu yeye ni dada yangu, hatusemi binamu. Mrefu, mweusi, meno ya mbele yameachana, na mdomo hautulii. Alikuwa amemaliza darasa la saba. Kisomo cha watu wazima kilikuwa kimepamba moto wakati ule, na bwana mmoja wa elimu alikuwa amemwambia kuwa kuna nafasi ya mwalimu wa kisomo upande wa Chidya, akitaka aje baada ya mavuno. Somoe alilitaja jambo hilo kila siku, tukila, tukifua, tukichota maji. "Nikiwa mwalimu," anasema, "Mzee Fulani na mvi zake atanyoosha mkono kuniomba ruhusa ya kwenda kukojoa." Mama Mkubwa anajibu kutoka jikoni: "Na wewe utamnyima, maana huna adabu."

Hadithi kwetu hazitolewi mchana. Ukitoa hadithi jua likiwa juu, mama yako anapotea njia. Hivyo ndivyo tulivyoambiwa wote. Lakini kugonga korosho tangu asubuhi hadi alasiri bila hadithi ni kifungo, na Somoe akatafuta ujanja: tuweke jani la mkorosho juu ya kichwa kila mtu, jani likiwa kichwani basi kwetu ni usiku. Siku ya kwanza nilisita. Akaniuliza naogopa nini. Nikamwambia, mimi sina wa kupotea, ila wewe unaye. Akageuka akamtazama mama yake aliyekuwa anashika njia na ungo kichwani. "Acha apotee kidogo," akasema, "atarudi na samaki." Mama Mkubwa akapaza sauti toka nje: "Nawasikia! Mnanipoteza! Nikifika Ndanda bila kujua, mtanifuata na nauli!"

Bibi zetu walipotoa hadithi, aliyepata nguvu alikuwa mvulana. Hana baba, ana upele, wenzake wanamcheka, anakwenda porini, anakutana na kikongwe, anamwogesha kikongwe mgongo, anapewa unyoya au mfupa, na kwa mfupa ule anaua joka na kupewa mji. Somoe aliziharibu hadithi hizo zote. Yake ilikuwa ya msichana anaitwa Sikudhani. Sikudhani hakupewa unyoya. Alimwogesha kikongwe, ndiyo, ila kikongwe wa Somoe alisema asante akaenda zake. Kila kona Sikudhani alinaswa: pangoni, tumboni mwa mnyama, chini ya jiwe linalofunga kama mlango. Na hapo Somoe anaimba, "Mlioko nje, mlioko nje!" Sisi tunaitikia, "Tupo, Sikudhani, toka!" Jiwe linafunguka kwa kiitikio. Nguvu ya Sikudhani haikuwa na mahali pengine pa kutoka.

Na hakuwa mtu wa mchezo katika hilo. Nikiitikia kwa uvivu, kwa kuwa jiwe limenipiga kidole au nina njaa, anasimama. "Hiyo sauti gani? Unaomba chumvi kwa jirani? Atafia humo ndani kwa ajili yako." Anaondoa jani kichwani, analitupa, hadithi imekwisha, Sikudhani kabaki pangoni mpaka kesho. Mimi mtoto mkubwa wa miaka kumi na mitatu nilikuwa nakula ugali wa muhogo na mbaazi huku namwaza msichana wa uongo aliyekwama kwenye pango. Siku nyingine nilimbembeleza Somoe: mtoe basi. Anasema, "Mimi siwezi kumtoa. Mimi ninayesema ni sawa na yeye, tuko ndani. Wa nje ni wewe."

Juzi mjukuu wangu alikuwa anatazama katuni kwenye simu yangu. Kijana anapewa fimbo inayotoa moto na mzee mwenye ndevu. Nikamuuliza, kabla ya fimbo alikuwa nani? Akasema, "Hakuwa mtu, bibi. Hapo ndipo anaanza." Nikamnyang'anya simu. Akalia, mama yake akaniuliza mtoto kakosa nini. Kwamba nguvu mtu anapewa mkononi kama kitumbua, hilo mimi silikubali. Watu wa hapa Masasi wanasema nina dawa ya biashara, wengine wanasema nilizika hirizi shambani. Waseme. Nguvu yangu najua ilitoka wapi, na haikuwa mahali pa kujivunia.

Mwezi wa saba mjomba wetu alikuja kutoka Mkunya. Baba yake Somoe alikuwa ameshafariki, na kwetu mjomba ndiye mwenye neno. Alikuja na kanzu safi na maneno machache: kuna mtu wa Newala, ana duka, mke wake wa kwanza amekufa, ni mtu wa swala, anamtaka Somoe. Nilisikia yote nikiwa nyuma ya makuti nachambua mchele. Mama Mkubwa aliuliza swali moja tu, "Anapiga?" Mjomba akasema hapigi. Na ni kweli, yule bwana hakuwahi kumpiga, namtendea haki. Mama Mkubwa akasema, "Mtoto anataka ualimu." Mjomba akacheka kwa upole. "Mama Somoe, ualimu wa kufundisha wazee a e i o u? Wazee wenyewe wanakwenda kulala."

Mila ya kuozwa ilikuwa hivi. Bibi harusi anafunikwa kanga kichwa hadi miguu, anakaa chumba cha ndani na msichana mmoja wa kumsindikiza. Wanaume wawili wanasimama mlangoni, wanamuuliza mara tatu kama amekubali. Hatakiwi kujibu haraka. Akisema sitaki mara ya kwanza, watu wanafurahi, amefundwa huyu. Mara ya pili ni vilevile. Hata akilia, wanasema ni haya. Kwa hiyo sitaki ya msichana kwetu haikuwa na uzito wa sitaki. Mwenye uzito alikuwa yule msindikizaji. Baada ya mara ya tatu wanamuuliza yeye: mwenzako amesemaje? Lile atakalosema ndilo linalotoka nje, na akinyamaza ni kukubali.

Somoe alilijua hilo, na alinichagua mimi. Tulifanya mazoezi uani wiki nzima, majani yako kichwani, mawe yanagonga. "Mimi nitasema sitaki mara tatu," akasema. "Wakikuuliza, wewe sema: hataki, na mimi nimemsikia. Maneno manne. Rudia." Narudia. "Kwa nguvu." Narudia kwa nguvu. "Unaogopa?" Nikamwambia siogopi. "Wakikupiga je?" Nikasema nimebabuka mikono yote, watanipiga wapi? Tulicheka sana siku ile. Jikoni palikuwa kimya.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa, baada ya swala. Asubuhi Mama Mkubwa aliniita jikoni. Alikuwa amechinja majogoo mawili, wali wa nazi unachemka, na miezi sita tangu nije pale sikuwa nimeona kuku. Akanipa paja. Paja zima, la mgeni. Nikaanza kula nimesimama. Akasema taratibu, hanitazami, anakoroga, "Fatu mwanangu, mwaka huu una mahali pa kulala. Jambo hili likiharibika mbele ya watu, mjomba wako atasema nyumba yangu haina adabu. Mimi ataniacha hapa, mimi dada yake. Wewe atakurudisha Chilangala." Chilangala palikuwa na kaburi na nyumba iliyoanguka ukuta mmoja. Nilimaliza paja. Nikafyonza na mfupa. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na mtu asije akasema kwamba nilitishwa kwa panga.

Chumbani palikuwa na joto. Somoe kakaa juu ya mkeka, kanga mbili mpya juu yake, sioni kitu ila vidole vya miguu vyenye hina. Mjomba na shahidi wakasimama mlangoni, pazia katikati. Mjomba akauliza. Somoe akasema, "Sitaki." Sauti yake chini ya kanga ilikuwa kama ya mtu aliye mbali. Nje wanawake wakachekelea. Akaulizwa mara ya pili, akasema, "Sitaki, mjomba." Mjomba akamwambia shahidi, "Kalelewa huyu, unasikia anavyoniheshimu?" Mara ya tatu hakusema tu, alipiga kelele, "Sitaki!" Kisha mjomba akaniita kwa jina, kwa sauti nzuri kabisa, hakuwa mkali. "Fatu mama, wewe uko naye humo. Mwenzako amesemaje?"

Maneno nilikuwa nayo. Yalikuwa hapa, juu ya ulimi, na mafuta ya kuku. Niliona pazia, niliona vidole vya mjomba vimeshika ukingo wa pazia, pete yake ya fedha. Kidole gumba cha mguu wa Somoe kilikuwa kinagonga mkeka, kama mtu anayehesabu mapigo ya ngoma ili mwenzake aingie. Sikuingia. Mjomba akangoja, namshukuru kwa hilo, alingoja kwa kweli. Kisha akasema, "Msindikizaji kanyamaza. Amekubali." Vigelegele vikapasuka uani.

Somoe alifunua kanga usoni. Nilidhani atanipiga. Alinitazama kama mtu anavyomtazama aliyedondosha mtungi njiani, akauliza polepole, "Umesahau maneno?"

Nikasema, "Nimesahau."

Akatikisa kichwa kukubali. Akajifunika tena mwenyewe, kwa mikono yake. Alijua nadanganya. Alinipa uongo ule ili niwe na cha kushika, nami nikaupokea kama nilivyopokea paja. Alasiri wakaondoka naye kwa lori la korosho, kuelekea Newala.

Sikumwona tena mwaka ule. Tulibaki wawili kwenye vigoda vitatu. Mama Mkubwa aliacha mizaha yake, kwa hiyo ilikuwa ni mawe tu, ko, ko, ko. Siku moja, mwezi wa kumi, korosho mpya zimeanza kuingia na mabibo yananuka kila mahali, akasimamisha jiwe lake. "Lete basi ile ya Sikudhani," akasema. Mchana kweupe. Nikamwambia siijui vizuri. "Lete hivyohivyo." Nikaanza. Nilikuwa mbovu wa kusimulia, napeleka mtu pangoni kabla hajatoka nyumbani. Nilipofika kwenye wimbo nikaimba kwa sauti ndogo, mlioko nje, mlioko nje. Naye Mama Mkubwa, hajanyanyua kichwa, akaitikia: "Tupo, Sikudhani, toka." Hakukosea hata neno. Moshi haukuwapo, debe lilikuwa halijawekwa motoni, na machozi yalikuwa yanamtoka. Hapo nikajua kwamba jikoni pale alikuwa anasikia. Hadithi alizisikia. Na ile wiki ya mazoezi aliisikia yote, mpaka hesabu ya maneno.

Kabla mwaka haujaisha mjomba akarudi. Tulimwamkia, shikamoo mjomba, marahaba, akapewa kiti, akapewa maji. Akasema amenipatia mahali, kwa mtu anayemfahamu Mkunya, nikae huko nikue, na baadaye itafahamika. Tulijua nini kitafahamika. Sikujua kama nitasema. Nilikuwa nimeshika ungo wa punje, nimesimama katikati ya ua, na nikasikia mtu anasema, "Sitaki," na mtu yule alikuwa mimi.

Mjomba akageuka pole pole. "Nani kakuuliza?"

"Hakuna aliyeniuliza," nikamwambia. "Ndiyo maana nimesema mapema."

Akainuka. Nadhani angenipiga, na alikuwa na haki hiyo siku zile. Mama Mkubwa akatoka jikoni anafuta mikono kwenye kanga, akasimama pembeni yangu, akamwambia kaka yake: "Hataki. Na mimi nimemsikia."

Mjomba akachukua kofia yake akaondoka, na maji hakuyagusa. Sisi wawili tukarudi kwenye vigoda. Neno ambalo mama huyu alimnyima mwanawe, alinipa mimi, mtoto wa mdogo wake. Na neno nililomnyima dada yangu, nimepewa bure, na ndilo lililonifanya niwe hivi nilivyo. Tangu siku ile sijawahi kunyamaza penye watu. Nimebishana na wanunuzi wa korosho, na viongozi wa chama, na mume wangu Mungu amrehemu, na mahakimu. Watu wananiita Mama Shaibu Mdomo. Lakini aliyekuwa na hadithi ni Somoe. Aliyetakiwa kutoka pangoni ni Somoe. Mimi nilitokea kwenye mlango wake.

Tulionana mara chache miaka hiyo yote, misibani na harusini. Alizaa watoto watano, akawa mnene, akauza chumvi na mafuta ya taa nyuma ya kaunta. Hakufundisha mtu. Tukikutana ananiuliza watoto hawajambo, nasema hawajambo, wako je? Hawajambo. Jambo lile hatukuligusa. Mimi mwenye mdomo.

Mwezi uliopita, siku ya tatu ya msiba, tulikuwa tumekaa sebuleni kwao Newala, wanawake wamejaa, ndugu wa marehemu mumewe wamekaa upande wa dirisha. Binti yake wa kwanza, Zainabu, mtu mzima, mwalimu wa shule ya msingi, akaja akapiga magoti mbele yangu. "Shikamoo mama mdogo." Nikaitika. Akasema mbele ya watu, hakunong'ona, "Baba alikuwa anatuambia mama alimkubali kwa hiari yake, alicheka siku ile. Mama akisikia hivyo anatoka nje. Wewe ndiye uliyekuwa naye chumbani. Alisemaje?"

Shangazi yake akaingilia, "Mwanangu, hayo si ya msibani."

Nikasema, "Alikataa. Mara tatu. Ya tatu alipiga kelele. Mimi nilimsikia, nikaulizwa, nikanyamaza."

Wanawake wakainamisha vichwa. Mmoja akasema astaghafirulahi. Zainabu hakulia. Alibaki kwenye magoti ananitazama, ana meno yaleyale yaliyoachana. Akasema, "Ungesema siku ile, mimi nisingekuwapo." Nikangoja aongeze, kwamba amenisamehe, au kwamba hanisamehi. Hakuongeza. Akainuka, akaenda kugawa chai. Kikombe changu alikileta mtoto mwingine.

Niliondoka kesho yake asubuhi.

Leo nina nyumba ya matofali hapa Masasi, vyumba sita, bati zima. Nina ekari tisa za mikorosho Chilangala, kwa jina langu. Mashine ya kusaga moja, inafanya kazi. Tangi la maji ya mvua. Mbuzi kumi na wanne, kuku sihesabu. Watoto wanne walio hai, wajukuu kumi na mmoja. Chumba cha kubangulia chenye wanawake nane, wote wanasema wanachotaka. Miwani. Simu moja, ndani yake mna namba ya Zainabu niliyopewa na shangazi yake wakati naaga. Nimempigia mara mbili. Hajapokea.